Puti ya Mkiani

Mtaa mzima tulihamia uwanjani siku ile. Aliyebaki nyumbani alikuwa mgonjwa au ana wivu. Baba Pacha, fundi bati wetu, alikuwa amejenga ndege uani kwake, na sasa alikuwa juu nayo, akifanya jaribio lililomkosesha mkewe raha: kupunguza mwendo makusudi mpaka mabawa yashindwe kuibeba ndege, aone kama pua itashuka yenyewe. Ikishuka, ndege hupata kasi tena. Isiposhuka, ndo basi.

Mama Pacha alishika redio ya kuongea naye. Pembeni, mdogo wake, mpiga rangi wa magari tunayemwita Maridadi, alikuwa anatutambia mkia wa ndege alioupaka yeye. "Umeona unavyong'aa? Unaweza kunyolea ndevu pale!"

Injini ikashuka sauti. Bawa la kushoto likainama, ndege ikaanza kuzunguka ikishuka, lakini pua ikabaki juu kama mtu aliyesusa.

"Haishuki," redio ikasema. "Nimesukuma usukani mpaka mwisho. Mama Pacha, pua haishuki!"

Mama Pacha ndiye aliyesoma mizani siku walipopima uzito wa ndege, mbele na nyuma, kabla haijapakwa rangi. Akamgeukia mdogo wake. "Mkia umeupaka nini?"

"Rangi tu, dada."

"Na chini ya rangi?"

"Puti, ile ya kuzibia bodi za magari. Kuficha mabonde. Nilitaka kumfurahisha shemeji..."

"Kiasi gani?"

"Ile ndoo."

"Yote?"

Maridadi akaitikia kwa kichwa.

"Baba Pacha!" Sauti ya dada mtu ilipasua uwanja. "Mkia ni mzito, una puti! Fungua mkanda, jilaze mbele, lalia dashibodi! Hilo tumbo leo lifanye kazi!"

Ndege ikazunguka tena. Jirani yangu alinikamata mkono hadi kucha zikaingia. Ikazunguka tena, chini zaidi. Halafu pua ikainama kidogo, ikasita, ikaporomoka.

"Ngoja ipate kasi! Usiivute!" Mama Pacha akafoka redioni.

Ikanyooka juu kidogo tu ya miti. Ikatua mbio, ikapitiliza uwanja, ikajikita kwenye majani marefu.

Baba Pacha alishuka, paji la uso linavuja damu. Mkewe alimkimbilia, akamshika bega, lakini mumewe akampita. Akafungua sanduku la vifaa, akatoa msasa, akamwekea Maridadi kiganjani.

"Shemeji, nisamehe..."

"Kwangua. Mpaka nilione bati."

Mama Pacha alikuwa ameshatuma watu wakalete mizani, ndege ipimwe upya.