Kabichi za Maonyo

Saa ya chakula cha mchana, simu ya meneja Alois ililia kando ya sahani yake ya ugali. Ilikuwa imepokea onyo: tangi la mlimani lina ufa. Alois akakata mlio, akamega tonge. Simu ikalia tena.

"Prisca, hizi kelele zipeleke kwingine."

"Wapi, bosi?"

"Popote, ilimradi si kwangu."

Prisca ndiye aliyetunza kompyuta ya kampuni yao ya maji, pale Mafiga. Pampu na matangi yote yalituma ujumbe humo mchana kutwa, na kompyuta ikaugawa: habari kwamba mitambo ni mizima zihifadhiwe, maonyo yaende kwa meneja. Sasa Prisca akaandika kanuni mpya, kwamba maonyo yatupwe. Roho ilimuuma, maana tangi lenye ufa ndilo linalopeleka maji kijijini kwa mama yake, upande wa Mgeta. Lakini bosi ni bosi, na kompyuta nayo haina ubishi.

Basi jamani, kitu kikitupwa lazima kiangukie mahali. Maonyo yaliangukia kwenye kabichi za mama yake. Bi Magdalena alipasua moja ya kupika, akakuta mwandiko mdogo, nadhifu, kwenye jani la ndani: Onyo. Tangi lina ufa. Akapasua ya pili: Onyo. Ufa umeongezeka. Akasoma hadi jani la mwisho, akaosha, akapika. Majirani nao walikuta ya kwao, wakanung'unika tu kwamba herufi ni ndogo mno kwa watu wazima.

Jumatatu Bi Magdalena akashuka mjini na tenga la kabichi, akaingia ofisini.

"Shikamoo mama," alisema Alois. "Leo milima umemwachia nani?"

"Marahaba. Nimekuletea maonyo yako unayoyakimbia. Tangi linapasuka, wewe Mnyamwezi, na sisi tutakosa maji."

Hapo ndipo alipokosea. Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Neno la mtani halimkasirishi mtu, na ndiyo hivyo, halimshughulishi pia. Alois alicheka hadi akafuta machozi.

"Mtani wangu huyu! Siku hizi anaandika kwenye mboga."

"Sitanii, mwanangu."

Akazidi kucheka, maana watani wakikolea husema hivyo hivyo.

"Bosi, anasema kweli," Prisca alisema.

"Na wewe umerithi kwa mama."

Tangi lilipasuka wiki hiyo hiyo. Prisca alifuta kanuni yake. Simu ya bosi ikalia, akaamriwa airudishe. Bi Magdalena sasa anateka maji bondeni, ndoo kichwani, na kabichi anazimwagilia kwa kopo. Zinafunga vizuri, na kila Jumatatu huleta moja ofisini, ambayo Prisca humkatia bosi kwa chakula cha mchana.

Jana Alois alitoa jani mdomoni, akalisoma: Dharura. Tangi tupu. Akalirudisha, akatafuna, akauliza kama kuna chumvi.