Kibonyezo cha Saksafoni ya Pili

Mimi simwogopi mkubwa yeyote. Waulize wenzangu wa okestra ya redio ni nani aliyesema, tena kwa sauti, kwamba Mkurugenzi wetu hawezi kutofautisha tromboni na bomba la maji. Ni mimi, Mdomo, saksafoni ya pili. Kweli gari lake lilikuwa limeshatoka getini, lakini nilisema.

Ndiyo maana Mzee Spoki alinichagua niwe shahidi wake.

Tulikuwa kwenye benchi la koridoni, nje ya chumba cha kamati. Tulimwita Spoki kwa sababu alituongoza kwa spoki ya baiskeli. Kijiti rasmi alikiomba mwaka alioanza kazi, na barua yake bado inashughulikiwa. Kwa miaka ishirini na sita alitunga jazi, akapanga sauti za vyombo kumi na vinne, akasimama mbele yetu na viatu vilivyochoka kuliko sisi. Na miaka hiyo yote karani wa idara alinakili kila kazi yake upya, kwa mwandiko mzuri, na juu ya ukurasa wa kwanza akaandika: Mtunzi, Mkurugenzi. Huo ndio uliokuwa utaratibu. Karatasi zake mwenyewe zilitumika kuwashia jiko la chai.

Mzee hakulalamika. Alisema hajawahi kusikia jina likipuliza tarumbeta.

Halafu macho yake yakaingia ukungu. Idara ikamwandikia kwamba kazi imekwisha, na nyumba airudishe ifikapo mwisho wa mwezi. Mtunzi wa idhaa hukaa kwenye nyumba ya idara mpaka kufa. Mpiga chombo wa kibarua hana haki hiyo. Kwenye mafaili, Spoki alikuwa kibarua. Safari hii akalalamika, kamati ikaitwa.

"Mwandiko sina wa kuwaonyesha," aliniambia, ameishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Wamenisogezea karatasi mpaka ikanigusa pua, wakaulizana kama nainusa. Wewe waambie habari ya kibonyezo tu."

"Kibonyezo changu?"

"Cha nani sasa, cha bibi yako? Saksafoni yako ina kibonyezo kilichokatika tangu siku uliyokabidhiwa. Noti ile haitoki. Basi chukua kazi zangu zote za miaka minne: wimbo ukifika pale, saksafoni ya pili inanyamaza, ya tatu inaipokea. Nani angeandika hivyo kama hakujui mpaka pumzi? Mkurugenzi hajui hata unakaa kiti gani."

"Na mimi nilidhani unanipumzisha kwa sababu nakoroma mazoezini."

"Unakoroma pia."

Kamati ilikuwa imeshamalizana naye, kwa hiyo mkewe akaja kumchukua. Aliniwekea mkono begani. "Mwanangu, vyombo vya nyumba sijafunga bado. Nakusubiri wewe."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Leo watanijua."

Walipokata kona tu, Mkurugenzi akatoka, akasimama dirishani karibu nami. Hakuniangalia.

"Wewe ndiye Mdomo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Bado kibarua?"

"Mwaka wa nne, mheshimiwa."

"Okestra inahitaji mwongozaji. Kijana, mwenye macho." Akapangusa vumbi la kioo kwa kidole, akakitazama. "Au tuifunge okestra yenyewe. Santuri zipo."

Kisha akafungua mlango wa kamati, akaushikilia nipite, utadhani mkubwa ni mimi.

Ndani kulikuwa na wajumbe watatu, jagi la maji, na dada mpiga chapa pembeni na mashine yake. Mwenyekiti alikuwa na haraka.

"Mlalamikaji anadai chombo chako kina kasoro, na kwamba yeye aliandika muziki kuikwepa. Chombo kiko wapi?"

"Stoo," akasema Mkurugenzi. "Mwenye ufunguo hayupo leo."

"Basi tumsikie mpigaji."

Jamani, mimi nikose maneno? Nikalitazama jagi. Mkurugenzi akanimiminia maji, glasi nzima, akaisogeza mbele yangu taratibu.

"Kizima," nikasema.

"Sema sentensi kamili, iandikwe."

"Saksafoni yangu ni nzima, mheshimiwa. Haijawahi kuwa na kasoro."

"Na mtunzi?"

"Ni Mkurugenzi."

Mashine ilipiga, ikanyamaza. Dada mpiga chapa alinitazama mara moja, akabadilisha karatasi.

Ningeweza kwenda kwangu. Nilikwenda kwa Spoki, kwa sababu nisingekwenda wangejua. Masanduku mawili yalikuwa wazi ukutani, matupu. Sufuria bado zilikuwa rafuni. Mzee alikuwa amekaa kitandani, uso umeelekea mlangoni.

"Mdomo? Enhe, lete!"

Nikaleta. Nilivyosimama, nilivyopiga meza, Mwenyekiti alivyopaliwa na maji, Mkurugenzi alivyolegeza tai mpaka ikabaki kama kamba ya mbuzi. Mama alicheka, akafuta machozi, akaenda kufunga sanduku moja na kulisukuma uvunguni. Spoki alianza kuhesabu mapigo kwa kidole kwenye goti lake.

"Wakishatengeneza kibonyezo chako," akasema, "nitakuandikia noti ile. Ndefu. Wenzako wote kimya, wewe peke yako."

"Isiwe ndefu sana, mzee, nitazimia."

Tulikuwa tunacheka bado hodi ilipopigwa. Alikuwa dada mpiga chapa, ana bahasha ya khaki na kibweta cha wino.

"Kumbukumbu za kikao," akasema. "Mzee anatakiwa asomewe, kisha aweke dole gumba kwamba amesikia."

"Karibu, mwanangu!" Mama akamvutia kiti. "Soma, tena kwa sauti, majirani nao wasikie!"

"Dada amechoka," nikadakia. "Ziache tu. Nitamsomea mimi."

Alimtazama mama, akamtazama mzee aliyekuwa bado anatabasamu, kisha akanitazama mimi. Akatoa karatasi, akanikabidhi. Yeye akakaa, akafungua kifuniko cha wino.

"Sawa," akasema. "Soma wewe, maneno ni yako. Mimi nipo hapa. Ukiruka mstari, nitakurudisha."