Kwale Aliyetakiwa Kuwaita Wenzake

Katika Kisiwa cha Mwambani, ambacho msomaji usihangaike kukitafuta kwenye ramani, panya waliwahi kula mayai mpaka ndege wenyeji wakahamia kisiwa cha pili, kikavu, kisicho na maji wala kivuli. Mfalme Korongo akamleta Nguchiro kutoka bara awamalize panya hao. Akawamaliza kweli, tumpe haki yake. Akavikwa cheo cha Mlinzi Mkuu, na Mfalme akatangaza kwamba nchi imepona, wana wake warudi nyumbani.

Ndege hao, hata hivyo, wana desturi yao. Hawatui mahali walipokimbia mpaka wamsikie kwale akilia kwa utulivu alfajiri. Kwale hutaga chini, majanini. Akitulia yeye, basi kila mtu ametulia. Mlio wake wa hatari pia wanaujua, ni mfupi na mkali. Kwa hiyo Kwale na mumewe ndio waliotangulia kurudi, na jirani yao Kitwitwi akafuatana nao bila kungoja mlio; katika ukoo wa kwale hapakuwa na wengine waliobaki hai.

Haikuchukua muda Kwale akafika barazani peke yake.

"Mfalme wangu, mayai ya jirani yangu Kitwitwi yamepotea. Mume wangu alikwenda kutafuta mchwa, hakurudi. Naomba kujua nani anatula."

Nguchiro alisimama, akainama kwa adabu. "Panya wamekwisha, Mtukufu. Na kama panya wamekwisha, hakuna anayekula mayai. Mayai hayo yatakuwa yamehama kwa hiari yake."

"Makofi kwa Mheshimiwa," alisema Spika Kobe. Huyu hulala ndani ya nyumba aliyoibeba mgongoni, kwa hiyo usalama haujawahi kumkosesha usingizi. Makofi yakapigwa.

"Na hicho kiini kilichokauka kwenye sharubu za Mheshimiwa?" aliuliza Kwale.

Mfalme akakohoa.

"Mama Kwale, tunakupa pole kwa msiba. Lakini sharubu za Mlinzi Mkuu ni suala la usalama wa nchi. Tuendelee na maandalizi ya sherehe."

Alijua! Hilo ndilo linaloniudhi kila nikilikumbuka. Alijua tangu ganda la kwanza, ila alipiga hesabu zake: wakirudi maelfu, wakiliwa mamia, bado atabaki na watu wa kumshangilia. Ufalme bila umati ungemfanya awe korongo tu, mwenye miguu mirefu.

Mchana ule Nguchiro alimfuata Kwale kiotani. Alikaa karibu, akapiga mwayo.

"Dada, nisikilize, sina ugomvi nawe. Kesho ulie ule mlio wako mzuri. Wakija wengi nitashiba, na mayai yako nitayasahau. Usipolia, nitakula kilichopo."

"Na wao?"

"Wao ni wengi. Wewe una haya tu."

Alipoondoka, Kwale hakutulia. Alikaa, akainuka, akageuza mayai, akakaa tena. Ndani ya maganda vifaranga vilikwisha kuanza kulia. Bado kidogo vitoke. Mara aliona kulia kwa utulivu ni jambo dogo, sauti tu. Mara akamkumbuka Kitwitwi akizunguka kiota kitupu, akiuliza kila apitaye. Alichukia kwamba mambo haya aliachiwa yeye aamue, na wenye mamlaka wamelala.

Alfajiri wakampandisha jabalini. Mfalme alivaa shada la maua, Kobe akasafisha koo tayari kwa makofi. Kule ng'ambo ndege walikwisha kuruka. Walikuwa wakielea juu ya mkondo, wakisubiri.

Kwale akalia mlio wa hatari.

"Umekosea, mama," alisema Mfalme, tabasamu bado liko usoni. "Hebu rudia."

"Sijakosea."

Nguchiro aligeuka, akashuka taratibu kuelekea majanini. Kwale alimwona. Angemkimbilia, huenda angemchelewesha, angalau kifaranga kimoja kingepata nafasi ya kutoka gandani na kujificha. Lakini upepo ulikuwa umemeza mlio wa kwanza, na ndege wa mbele walianza kushuka, wakiimba. Akabaki pale pale. Akalia tena, na tena, koo likawaka moto, huku nyuma yake sauti ndogo zikisikika majanini, kisha zisisikike. Hakugeuza shingo mpaka kundi zima lilipogeuka.

"Umeliua taifa!" Mfalme alipiga kelele. "Unaelewa ulichofanya? Umeliua taifa!"

Kwale alikuwa akilia kweli sasa, kilio cha mama.

"Taifa ni lile pale, Mfalme," alisema, akionyesha kwa mdomo ndege waliokuwa wakienda zao. "Hapa mmebaki wewe na mgeni wako, na mayai yangu hayawezi kumshibisha."

Mfalme aligeuka haraka kuangalia Nguchiro yuko wapi.