Soli za Kushukia Milepa

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, kitendawili hiki ni chako: nina mtumishi, kila nikimkanyaga anakonda, siku akiisha kabisa, naanza kukonda mimi. Ni nani? Usinipe mji bado. Ngoja kwanza gari lifike Milepa.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe ya Isdori, iliyoletwa kutoka Dubai miaka ile ya ruksa, lori la ushirika lilipokwisha kufa na kuuzwa vipande vipande. Hapakuwa na gari jingine la kutoka Sumbawanga kushuka bondeni Rukwa. Jumamosi hiyo asubuhi lilikuwa limepigwa jeki kwenye gereji ya fundi Yonas nyuma ya soko, gurudumu moja la mbele limefunguliwa, na abiria wamekaa juu ya magunia yao ya maharage wakiota jua, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina mchezo.

Kati yao alikuwepo Dominika wa Mollo, kikapu magotini. Binti yake Herieth alikuwa anaolewa Milepa siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Dominika mwenyewe aliolewa pekupeku, na mpiga picha akamwonea huruma akaikata picha ya harusi magotini. Kwa hiyo aliapa kwamba kwenye harusi ya bintiye ataingia kanisani na viatu, na picha itapigwa mpaka chini. Viatu alikuwa navyo. Vyeusi, vya mtumba lakini vizima, vyenye kishikizo pembeni na soli nene kama andazi.

Yonas aliinama akachungulia kwenye gurudumu. Alikuwa fundi wa kueleza. Alisema pedi ya breki ikibaki nene kama ukucha wa kidole gumba, unaitoa. Diski nayo ikichimbika ikaota ukingo kama sahani, unatoa vyote pamoja, maana pedi mpya kwenye diski mbovu ni bibi harusi kwa mume mlevi. Kisha akaita watu waje kuona. Pedi hazikuwepo. Vilibaki vibati vitupu, na kati ya kibati na diski buibui alikuwa amefuma utando wake akataga mayai. Utando ulikuwa mzima, hata uzi mmoja haukukatika, ingawa gari lilishuka bondeni mara tatu kila wiki.

"Breki hizi hazijagusa kitu tangu Pasaka," Yonas alisema.

Isdori akauliza kama gari linasimama. Yonas akajibu kwamba linasimama, amelishuhudia mwenyewe asubuhi. Isdori akasema basi, rudisha gurudumu, tusimsumbue mwenye nyumba.

Hakuna aliyeshangaa. Wote walijua gari linasimamaje. Mtu akiwa ndani ya gari kwenye mteremko hukanyaga sakafu, hata kama si dereva, ndivyo alivyoumbwa. Tangu Pasaka, sakafu ya pikapu ya Isdori ilikuwa ikipokea. Walikanyaga wote kwa pamoja, gari likapungua mwendo, na soli zao zikaliwa. Kandambili zilimaliza safari mbili, na kila kona zilitoa harufu ya kuungua. Raba za mtumba zilifika safari tano. Shija, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alikuwa na katambuga zilizokatwa kwenye tairi la lori, nazo zilikuwa na miezi mitatu bila kupungua. Isdori alimpenda sana Shija. Alimpa nafasi ya mbele kwenye bodi, na siku nyingine alimfuata nyumbani hata kama hakuwa na safari.

"Isdori baba," Dominika aliuliza, "breki utabadilisha lini?"

Isdori akatazama saa yake, akasema mizigo ifungwe vizuri.

Walipofika kwenye ukingo wa mteremko, bonde lote likaonekana chini na ziwa likimeta kwa mbali, Dominika akavua viatu, akavifunga kwenye kanga, akavitia kikapuni. Kona ya kwanza alikanyaga pekupeku. Gari lilipungua kidogo tu, kama mtu anayesita kuomba chumvi. Kona ya pili Isdori akatoa kichwa dirishani.

"Mama Herieth, vaa viatu."

"Hivi ni vya kanisani."

"Najua, mama. Kanisa liko huko chini."

Hapo Scola, mdogo wake Dominika, ambaye tangu utoto alikuwa hakubali kitu, akasema huyu mtu anatugeuza vipuri. Tuinue miguu wote, alisema, aone. Isdori hakupinga. Alisema nchi sasa ni ya uhuru wa kila mtu, anayetaka kuinua ainue. Wakainua. Watu kumi na saba walikaa juu ya maharage miguu hewani kama kuku waliofungwa, na gari likashuka kama maji yaliyomwagwa. Kofia ziliondoka. Mtungi wa kimpumu, ile pombe ya ulezi ya upande wa bibi harusi, ukaanza kuimba.

Shija ndiye aliyekuwa anatazama mbele.

"Mayu," alimwambia Dominika, akimwita mama kwa Kisukuma chake, "teremsha miguu. Ng'ombe wale ni wangu."

Wakateremsha wote. Dominika akafungua kanga, akavaa cha kushoto, akavaa cha kulia, akafunga na vishikizo kwa sababu hakuwa mtu wa kuvaa ovyo, akakanyaga. Gari lilisimama shubiri moja kutoka kwa maksai mwekundu, ambaye aliendelea kutafuna.

Saa nane Dominika aliingia kanisani. Kwa juu viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko vyote, vinang'aa, vimefungwa sawasawa. Kwa chini alihisi ubaridi wa saruji. Herieth alimwona akatabasamu mpaka shela ikatikisika. Mpiga picha alipiga mpaka chini kama alivyoagizwa, na picha hiyo haina kasoro.

Walipopiga magoti, watu wa Milepa waliokaa nyuma waliona nyayo tupu za wageni wote wa Sumbawanga, safu mbili, kila unyayo umezungukwa na kiatu kama picha ndani ya fremu. Bibi mmoja akasogea akafunika za Dominika kwa upande wa kanga yake, kisha akaendelea na sala. Mwisho wa safu alipiga magoti Isdori. Moka zake zilikuwa na soli mpya kabisa, na namba ya chaki ya dukani ilikuwa bado inasomeka: arobaini na mbili.

Baada ya misa, kimpumu kikiwa kinamiminwa, Dominika alimfuata Isdori pale alipoegemea gari. Hakugomba. Aliuliza vilevile kama asubuhi, kwamba breki atabadilisha lini.

Safari hii Isdori hakutazama saa. Alichuchumaa, akaunyanyua mguu wa Dominika kwa adabu kama Yonas anavyoshika gurudumu, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye kisigino chake, juu ya magaga ya miaka hamsini ya kulima ulezi. Akapima huku, akapima na huku.

"Bado nene, mama," alisema. "Haya yanafika Krismasi."