Mkate wa Asiye na Mtu

Ghanima bint Nasr alikuwa kakaa kwenye mkeka wa jikoni kwake Ibra, Omani, anachagua mchele, jicho moja kwenye mchele na jicho moja kwa mkamwanawe. Mkamwanawe anakanda unga. Kilo tatu, mayai, sukari, na iliki kidogo, maana huku kitu kisichotiwa iliki hakijesha. Anafinyanga mikate yenye sura ya watu: kichwa, mikono imekunjwa kifuani, macho ya zabibu kavu.

Mkamwana huyu katoka Bolivia. Jina lake la kwao Nilda, aliposilimu akajichagulia Hala, lakini mtaa mzima unamwita Mbrazili. Mohannad, mtoto wa Ghanima, alimpata Uhispania alikokwenda kusomea mambo ya maji. Siku alipoletwa, watu walishayajua yake yote kabla hajashuka garini: kwamba kwao wanatembea nusu uchi, wanacheza ngoma toka asubuhi, wanawake wana wivu wa kisu, na vitoto vichanga vinapiga mpira. Hala kawaambia mara ngapi kwao kuna baridi, bibi yake alikuwa akivaa sketi saba moja juu ya mwenzake, na mpira yeye haujui. Wakamwambia sawa, Mbrazili. Ghanima naye akimwita hivyo hivyo, na yeye mwenyewe watu wanamwita Mzinjibari tangu aletwe na baba yake akiwa mtoto, wala Zanzibar hajaiona. Kazaliwa Tabora.

Basi, kwao Hala maiti wao huja mara moja kwa mwaka, saa sita ya mchana, tarehe mosi mwezi wa kumi na moja, wakaondoka kesho yake saa ile ile. Kila mmoja unampikia mkate wake. Mwaka jana walikuja Ibra, bibi yake, Eusebia, na mumewe Fermín. Walishuka Bidbid, pale njia ya Ibra inapokata, wakachukua teksi. Dereva alilalamika kidogo, kwamba yule mzee kakohoa njia nzima na sketi za bibi zimejaza kiti cha nyuma. Mzee alikuwa mchimba madini, kile kifua kimemfuata.

Jirani yao Ahlam alikuja mbio na simu awapige video wakicheza. Akakaa saa nzima. Bibi Eusebia, kofia yake ndogo nyeusi kichwani, akanywa kahawa, akauliza mbuzi wa huku wanalishwa nini. Ahlam akarudi kwake.

"Hawachezi," akawaambia wenziwe kwenye soko la wanawake Jumatano ile, kama mtu aliyeuziwa samaki aliyelala.

Siku mbili zile Hala alikuwa kajilaza mapajani kwa bibi yake, mtu mzima na mume, anasemezwa kama mtoto wa chuoni. Ghanima akaona. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki, humezi hutemi. Hakumwonea kwa mume wala kwa ujana. Ghanima ana miaka sitini na sita, na mama yake alikufa Tabora yeye akiwa na miaka saba, na hajaja hata siku moja.

"Hata Mbrazili ana mtu wa kumjia," akamwambia Mohannad.

"Si Mbrazili, mama."

"Nimesema ana mtu. Hilo ndilo nililolisema."

Ndiyo mwaka huu akasema naye atapika mikate yake. Hala akampa unga. Ghanima akafinyanga saba: baba yake, babu yake, baba wa babu, akapanda hivyo hivyo kama wanavyohesabu asili huku, mwanamme juu ya mwanamme. Hala akawatazama wale wanaume saba kwenye sinia.

"Na mama yako, mama?"

"Hebu tia motoni, unga utachacha."

"Nimfanyie mmoja?"

"Hala. Kesho wanakuja watu wa Nizwa."

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli yenyewe. Lamya, binti yake wa pekee, ana miaka thelathini na mbili, na posa mbili zimevunjika kwa tetesi tu. Sasa kaposwa na Yazeed wa Nizwa, na mama yake Yazeed, Taghreed, anakuja kumaliza maneno. Taghreed ni mtu wa kuuliza asili. Kauliza ya baba, kauliza ya mama, kafika kwa bibi mzaa mama. Ghanima keshamwambia kuwa mama yake ni wa hapa hapa Ibra, binti wa ami yake baba, alifuata mume bara akafia huko. Kumbe mama yake alikuwa Nyamizi, Mnyamwezi, mpishi wa nyumba ya baba kabla hajawa mke wa baba. Hata Lamya hajui.

Hala akafinyanga mkate wa mwisho, hauna macho wala jina. Kwao lazima upikwe mmoja kama huo, wa yule asiye na mtu wa kumpikia. Ghanima akauona, akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake, adhuhuri imeadhiniwa, teksi ikasimama nyuma, mlango wa jikoni. Akashuka Fermín, akashuka Eusebia, na nyuma ya sketi zake akashuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, mweusi, kanga mbili, miguu mitupu. Katika mikate saba ya Ghanima hakuja mtu. Wale wamezikwa ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu, mwendo wa dakika kumi, hawakuona haja.

Ghanima alimjua mama yake pale pale. Hakuongezeka hata siku. Sasa binti kampita mama umri mara mbili. Nyamizi akauchukua mkate usio na macho, akaushika kwa mikono miwili, akamtazama Hala.

"Ahsante, mwanangu."

Mwanangu kaambiwa mwingine. Ghanima akafungua mdomo amwite. Mlango wa mbele nao ukafunguka, akaingia Taghreed, buibui linanukia udi, macho yake yamekwishapita ukumbi mpaka jikoni.

"Mashallah, mmepata shaghala. Mtanzania?"

Shaghala ndivyo wanavyomwita mtumishi wa nyumbani huku. Lamya alikuwa kasimama na chetezo, wanja kapakwa toka asubuhi. Ghanima akamtazama.

"Mtanzania," akasema.

"Ofisi gani? Siku hizi viza zao taabu."

"Kaja mwenyewe."

"Basi una bahati, dada yangu. Wa kwangu mimi analala mpaka saa tatu."

Nyamizi alisikia. Kiarabu alikuwa akikijua, kaishi na Mwarabu miaka kumi. Akajifunga kanga kiunoni, akauliza dele ya kahawa iko wapi.

Ghanima akaja mlangoni pa jikoni. Eusebia kajikalia juu ya gunia la mchele, na huku majlisi, chumba cha wageni, kawekewa mto wa hariri.

"Mwambie bibi yako aje," akamwambia Hala. "Taghreed anataka kumwona Mbrazili."

Hala akamwambia kwa lugha yao. Bibi akajibu maneno mawili matatu.

"Anasema hapa kazoea," Hala akasema. "Shangazi yangu aliolewa na watu weupe, wenye jina. Wakija wageni, bibi anaambiwa akae jikoni na masketi yake. Wageni wanaambiwa ni mpishi."

"Na nyinyi mko wapi?"

"Mezani. Tunakula nao."

"Na bado anakujia."

"Anakuja. Ila majlisi hataki."

Ghanima akarudi kwa wageni. Maneno yalikwisha haraka, Taghreed hakuuliza tena ya bibi mzaa mama. Ikasomwa Fatiha, Lamya akalia kidogo kama inavyotakiwa. Kutoka pale alipokaa, Ghanima akiona jikoni yote. Nyamizi kaumega ule mkate, anamlisha Hala kwa mkono, na kila akimlisha anampangusa mdomo kwa ncha ya kanga. Eusebia anacheka bila sauti. Fermín kasinzia. Nafasi kwenye mkeka ilikuwepo, ya mtu mmoja mnene.

"Kahawa yenu tamu," akasema Taghreed, kikombe kitupu mkononi.

Ghanima angeweza kuinuka akaileta mwenyewe. Miguu yake mizima. Akaita kwa sauti, kama anavyoita mwenye nyumba.

"Kahawa huku!"

"Labeka, bibi," mama yake akaitika, akaja na dele.