Wageni wa Tumbo la Mwinyi

Jana alasiri nilijilaza kwenye mkeka sebuleni, nikaota baba yangu amekonda hata ukiweka gazeti nyuma yake unalisoma lote.

Haikuwa ajabu kubwa. Mama alipofariki, baba, Mzee Mbwana, alihamia kwangu Korogwe na tangi lake la kioo, na humo tangini mlikuwa na samaki wa dhahabu aitwaye Mwinyi na wenzake wadogo. Wiki hii Mwinyi alikuwa hali chakula. Tumbo lilimwingia ndani, na choo chake kilining'inia cheupe kama uzi wa kushonea. Daktari wa mifugo alisema ni minyoo, akatupatia dawa ya kuchanganya na chakula. Mwinyi akatema kila punje. Baba naye akaisukuma sahani yake kando. "Asipokula yeye, sili mimi."

Basi ndotoni Mwinyi anagonga kioo kwa ndani.

"Hodi, Saumu."

"Karibu."

"Siombi kuingia. Nakuomba wewe uingie. Nina wageni."

"Wangapi?"

"Ukiwahesabu wanaongezeka."

Anafungua kinywa. Navua kandambili, nainama, naingia. Ndani ni ukumbi mrefu wa shughuli, na minyoo wamezunguka masinia ya pilau. Wengine, wekundu, wamejazana mlango wa nyuma, vichwa nje, wanapunga upepo.

"Karibu, mgeni," ananiambia mmoja mwenye kofia ya viua.

"Wageni ni nyinyi."

"Mgeni ni anayesimama. Sisi tumekaa."

Nakumbuka kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tayari liko mkononi mwangu, lina udongo mbichi. Namkabidhi. Analitazama kwa heshima.

"Hatuna mikono, dada."

Jembe linaomba radhi, linajiondokea.

Nageuka kulifuata, na ukumbi umekuwa zahanati. Kwenye benchi amekaa Kidonge cha Minyoo, kanzu nyeupe, uso umekunjamana.

"Mbona huendi kumtibu mgonjwa?" namuuliza.

"Mimi mchungu, bibie. Siingii kwa mtu bila kusindikizwa na chakula. Halafu nikipita pale mlangoni, yule atanimeza."

Mlangoni ameketi Mkaa wa Chujio la tangi, mweusi, kanenepa vizuri.

"Kazi yangu ni kusafisha maji," anasema Mkaa. "Kisichokuwa maji ni uchafu. Juzi nilikula dawa ya ukungu. Haikuwa mbaya."

"Naomba utoke kidogo, dawa ipite."

"Niende wapi?"

"Kwenye sahani."

"Yenye maua?"

"Yenye maua."

Anatoka. Njegere anafika, amechemshwa na kumenywa, anajiziba kwa aibu. Kidonge anajipenyeza ndani yake, na wote tunaongozana hadi kwa Mwinyi. Kinywa chake kimefungwa kwa komeo.

"Fungua, Mwinyi," namwambia.

"Asipokula yeye, sili mimi," anajibu Mwinyi puani.

"Nani?"

Ananyoosha pezi. Upande wa pili wa kioo amekaa baba, mwembamba kama utepe, bakuli la njegere mapajani, halijaguswa.

"Asipokula yeye, sili mimi," anasema baba.

Wanatazamana. Hakuna anayepepesa macho. Mmoja kwa sababu ni samaki, mwingine kwa sababu ni baba yangu.

"Naanza kuyeyuka," anasema Kidonge kutoka ndani ya njegere.

Hapo hasira inanipanda, ile hasira inayokuja na machozi. "Baba, mama tumemzika. Wewe bado u hai. Mimi nitakula na nani, na kioo?"

Baba ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu msibani. Anachukua njegere moja, anaitafuna taratibu.

"Hukutia chumvi, mwanangu."

"Ni za samaki, baba."

"Ndiyo, naona."

Komeo linaanguka. Njegere na Kidonge wanaingia, na kinywa kinajifumba nyuma yao. Punde nasikia sauti ya yule mwenye kofia.

"Miguu yangu imekufa ganzi."

"Huna miguu," anasema mwenzake.

"Ndiyo maana nimechelewa kujua."

Wanatoka mlango wa nyuma mmoja baada ya mwingine, wanashukuru kwa pilau, wanadondoka mchangani.

"Fagia haraka, wasije wakaliwa tena!" Kidonge anapaza sauti kutoka tumboni.

"Na mayai yao?"

"Mayai hayana masikio. Nikiyaambia tokeni, hayasikii. Nitarudi yakishaanguliwa. Na hao samaki wadogo nao wapange foleni. Waliokunywa maji ya nyumba moja wameugua pamoja."

Nachukua ufagio wa njiti, natumbukiza mikono hadi mabegani, nafagia sakafu ya tangi kama uwanja. Mchanga unacheka, unatekenyeka.

Nikaamka.

Jua lilikuwa bado ukutani. Kilichoniamsha ni kijiko kugonga sahani. Baba alikuwa mbele ya tangi, anakula wali na mchicha, na nusu ya sahani ilikuwa imekwisha.

"Mwinyi kameza," alisema bila kugeuka. "Chakula chenye dawa. Nimemwona kwa macho yangu."

Nikaenda kukaa karibu naye. Mwinyi alikuwa anaogelea polepole, tumbo bado limebonyea, ila hakuwa amejibanza konani tena. Alikuwa anachokonoachokonoa, anatafuta cha kuongezea.

Baba akaelekeza kijiko chini ya tangi. "Saumu, nani kafagia humu?"

Nikainama. Mchanga wote ulikuwa na mistari ya njiti, imepangana vizuri, kama uwanja wa asubuhi kabla mtu hajaukanyaga.

"Sijui, baba."

Akatazama kwa makini, akijaza kijiko kingine.

"Kona ile umeiruka," akasema, akaendelea kula.