Idara ya Namba Tatu Zinazofuatana

Mkurugenzi wa Idara ya Namba Tatu alikuwa na kiti kinachozunguka, kimoja tu katika jengo zima, na alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda binadamu. Asubuhi akifika, alifunga mlango kwanza, akajizungusha mara moja kimya kimya, ndipo akafungua. Kustaafu kulikuwa kumekaribia, na alimwomba Mungu jambo moja tu: siku hiyo imkute amekikalia.

Kazi ya idara, na msicheke jamani, ilikuwa kuhakikisha kwamba ukizidisha namba tatu zinazofuatana, jibu linagawanyika kwa sita. Ndiyo, hiyo tu! Mzidishaji, bwana mmoja mnene mwenye miwani, alizidisha, tuseme, arobaini na moja mara arobaini na mbili mara arobaini na tatu. Jibu lilipelekwa chumba cha pili kwa Mgawaji, naye akagawanya kwa sita, akapaza sauti: "Imegawanyika!" Bibi wa Muhuri akagonga muhuri. Halafu chai. Baada ya chai walianza na arobaini na mbili, na namba, ashukuriwe Mola, haziishi.

Mara moja tu iligoma. Mgawaji alipata baki, idara nzima ikashika kichwa, simu zikapigwa mpaka makao makuu. Kumbe mwenzetu aliruka tarakimu kwa sababu alikuwa anatafuna karanga. Mgawaji alipewa onyo, na Mkurugenzi akapewa ngao ya uongozi bora wakati wa dharura.

Sasa si ndiye yeye mwenyewe aliyejitafutia balaa? Dada yake alimlilia sana, naye akamwingiza kazini mpwa wake, binti aliyetoka chuoni na hesabu zake kichwani. Siku ya kwanza, hata chai haijachemka, binti akabisha hodi.

"Shikamoo mjomba. Hii kazi mbona imeshakwisha?"

"Marahaba. Imekwishaje?"

"Ukihesabu, kila namba ya pili ni shufwa, na kila ya tatu inagawanyika kwa tatu. Basi chukua tatu zinazofuatana, popote utakapo. Shufwa lazima iwemo, na ya kugawanyika kwa tatu lazima iwemo. Mbili mara tatu, sita. Hakuna haja ya kuzidisha chochote."

Mkurugenzi akatokwa na kijasho chembamba. Kwa bahati mbaya, alielewa.

"Umepima ngapi?" akauliza.

"Sijapima hata moja."

"Ehee! Hata moja!"

"Lakini hii ni kwa zote, mjomba."

"Zote! Mtoto wa juzi anasema zote! Sisi tumeotea mvi humu tukisema 'mpaka sasa'." Akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Keshokutwa anakuja Mkaguzi. Akisikia hayo, unga umemwagika, wangu na wako na wa Bibi wa Muhuri."

"Siwezi kusema uongo, mjomba."

"Nani kakwambia useme uongo? Nimekwambia unyamaze!"

Thubutu. Mkaguzi alipokuja, akauliza kama kuna lolote jipya, kama wanavyouliza wote bila kutaka kujibiwa, na binti akasimama akamwaga yote, shufwa na tatu na sita yake. Mkaguzi alihesabu kwa vidole. Akarudia kwa mkono wa pili.

"Basi kazi imekwisha," akasema. "Idara hii ivunjwe."

Mzidishaji akavua miwani. Bibi wa Muhuri akaukumbatia muhuri wake kifuani. Mkurugenzi alimchukia yule binti waziwazi, akamchukia na mama yake aliyemzaa, na mkono wake ukashika kiti kwa nguvu chini ya meza.

Lakini Mkaguzi naye hakuondoka. Bila shaka alikuwa ameanza kujiuliza mkaguzi anakagua nini idara zikiisha. Akakohoa kidogo.

"Na namba nne zinazofuatana je?"

"Ishirini na nne," binti akasema papo hapo. "Hiyo rahisi. Katika nne, shufwa huwa mbili, na mojawapo..."

Alimtazama Mzidishaji, ambaye bila miwani alionekana mzee sana. Kisha akakitazama kile kiti, na akakitazama kwa muda.

"Na mojawapo?" Mkaguzi akauliza.

"Na mojawapo inahitaji utafiti, mheshimiwa."

"Wa muda mrefu?"

"Mrefu sana. Namba haziishi."

Mkurugenzi nusura alie kwa furaha. Mpwa wangu huyu, damu yangu kabisa! Mkaguzi akatangaza kwamba itaundwa Idara ya Namba Nne, chini ya mkurugenzi mwenye elimu ya kisasa. Mkurugenzi akainuka, akaweka tai sawa, akanyoosha mkono. Mkono wa Mkaguzi ukampita, ukaenda kwa binti.

Jumatatu mzee alikuta kiti chake kina mtu. Yeye alitengewa kigoda cha mbao kando ya dirisha, na kikokotoo.

"Karibu mjomba," binti akasema. "Tunaanza na moja, mbili, tatu, nne."

"Lakini mwanangu, wewe si unajua..."

"Mpaka sasa sijui."

Mzee akazidisha. Ishirini na nne. Akagawanya kwa ishirini na nne, akapata moja kamili.

"Imegawanyika," akasema.

"Vizuri. Mpelekee Bibi agonge muhuri." Binti akangoja mjomba wake atoke, akafunga mlango, akajizungusha mara moja.